SPESA ZA MAGURUDUMU NA USALAMA WA MAGARI YA MILIMANI

Mazao ya Milima ya Uluguru hayapati thamani yake kamili mpaka yameshuka mlimani. Kabichi, karoti, njegere na viazi vya Mgeta hupitia Langali na Mzumbe kabla ya kufika Morogoro mjini. Ndizi, mananasi, mdalasini na pilipili manga za upande wa mashariki hushuka kwa njia ya Kiroka na Bigwa. Njia hizo zimekatwa ubavuni mwa milima ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kina mita 2,630 kutoka usawa wa bahari. Mahali pengi upande mmoja wa barabara ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni bonde. Wakati wa masika, kati ya mwezi wa Machi na Mei, udongo hulowa na kuteleza, na magurudumu huchimba makorongo ambayo kiangazi huyakausha yakawa magumu kama saruji.

Kwa miaka mingi kazi ya kupanda na kushuka njia hizo imefanywa na Land Rover za zamani, hasa zile ndefu zijulikanazo kwa tarakimu 109, yaani idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Gari moja hubeba abiria, magunia, kuku na wakati mwingine mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mjini. Kwa hiyo jambo lolote linalobadilisha mwendo wa gari la namna hiyo si shauri la mwenye gari na fundi wake peke yao. Ni jambo la usalama wa umma.

Mojawapo ya marekebisho yanayopendwa na wenye magari ya zamani ya aina hii, katika Tanzania na katika nchi nyingine nyingi, ni kufunga spesa za magurudumu. Wanaozipenda husema kwamba gari husimama kwa upana zaidi na kwa hiyo halipinduki kwa urahisi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, na gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Makala haya yanaeleza kwa nini spesa haifai kuchukuliwa kuwa dawa ya kupinduka, na ni masharti gani hayana budi kutimizwa pale inapotumika kwa sababu nyingine iliyo halali.

SPESA NI KITU GANI

Spesa ni bamba nene la chuma au alumini linalowekwa kati ya habu na ringi ya gurudumu. Kazi yake ni kulisogeza gurudumu nje. Spesa ya milimita 30 ikifungwa kila upande, upana wa mkao wa gari, yaani umbali kutoka kati ya tairi la kushoto hadi kati ya tairi la kulia, huongezeka kwa milimita 60.

Zipo aina mbili. Ya kwanza ni bamba lenye matundu tu, linalovishwa juu ya boliti zilezile za habu kabla ya ringi kurudishwa. Ya pili ni bamba lenye boliti zake lenyewe: kwanza hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha ringi hufungwa kwenye boliti za spesa. Tofauti hiyo, ambayo kwa macho ya mnunuzi ni ndogo, ina maana kubwa kwa usalama.

Bamba la aina ya kwanza hula urefu wa boliti. Kanuni ya jumla ya ufundi ni kwamba nati ya chuma iushike uzi wa boliti kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Boliti ya milimita 16, ambayo uzi wake una hatua ya milimita 1.5, yahitaji basi nati izunguke karibu mara 11 tangu inapoanza kushika. Kila milimita ya unene wa spesa huondoa milimita moja ya mshiko huo. Fundi akihesabu mizunguko mitano tu, ajue kwamba gurudumu limeshikwa na nusu ya uzi unaotakiwa, hata kama nati inaonekana imekaza sawasawa.

HESABU YA KUPINDUKA

Gari lililoinama ubavuni hupinduka pale mstari wa wima unaoshuka kutoka katika kitovu cha uzito wake unapotoka nje ya tairi la upande wa chini. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: nusu ya upana wa mkao, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Upana ukiongezeka gari hupata uthabiti. Kimo kikiongezeka gari huupoteza.

Land Rover ya Series II, iliyotolewa mwaka 1958, ina upana wa mkao wa inchi 51.5, sawa na milimita 1,308. Uchukuliwe mfano wa gari la namna hiyo ambalo pamoja na mzigo lina uzito wa kilo 2,300, na kilo 200 za mzigo huo ni kabichi zilizofungwa kwenye keria juu ya paa. Ikikadiriwa kwamba kitovu cha uzito kipo sentimita 90 kutoka ardhini, gari hilo litafika ukingoni mwa kupinduka likiinama digrii 36. Likifungwa spesa za milimita 30 kila upande, pembe hiyo itapanda hadi digrii 37 na kidogo. Faida yote ya spesa ni takriban digrii moja na robo.

Sasa spesa ziondolewe, na badala yake kilo zile 200 za kabichi ziteremshwe kutoka kwenye keria hadi sakafuni mwa gari, yaani zishuke kwa mita 1.2. Kitovu cha uzito wa gari zima kitashuka kwa sentimita 10 hivi, na pembe ya kupinduka itafika zaidi ya digrii 39. Faida ni digrii tatu na zaidi, karibu mara tatu ya ile ya spesa, na haikununuliwa kwa senti hata moja.

Yafaa ikumbukwe kwamba hesabu hii inalichukulia gari kama sanduku gumu. Gari halisi lina springi na matairi yanayobonyea upande wa chini, na barabara halisi ina mashimo. Kwa hiyo pembe za kweli ni ndogo kuliko hizi. Lakini uwiano kati ya faida ya spesa na faida ya kushusha mzigo haubadiliki sana, na uwiano huo ndio hoja.

Kwenye kona mambo ni hayohayo. Nguvu inayolisukuma gari kwenda nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo. Katika mfano uliotolewa, spesa humwezesha dereva kustahimili nguvu hiyo kwa zaidi ya kawaida asilimia nne au tano tu. Kona ambayo ingelipindua gari kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, sasa italipindua kabla halijafika kilometa 31. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilometa 30 hadi 25 huipunguza nguvu hiyo kwa asilimia 30. Mguu wa dereva, basi, una uwezo mkubwa kuliko bamba la fundi.

Wako madereva ambao husema kwamba baada ya kufunga spesa walihisi gari limetulia. Hisia hiyo isidharauliwe, lakini ichunguzwe. Kuyumba kwa bodi, ambako ndiko abiria wanakokusikia zaidi, kunategemea springi na umbali uliopo kati ya springi ya kushoto na ya kulia. Spesa husogeza magurudumu, haisogezi springi. Land Rover ya zamani yenye springi zilizolegea na shokomzoba zilizokufa itaendelea kuyumba vilevile ikiwa na spesa au bila spesa. Wala spesa haizuii utelezi: tope halipati mshiko zaidi kwa sababu matairi yameachana kwa milimita 60.

GHARAMA ISIYOONEKANA DUKANI

Mnunuzi wa spesa hulipa bei ya dukani siku ya kwanza, lakini malipo makubwa huja baadaye na kwa sehemu nyingine za gari.

Gharama ya kwanza huziangukia beringi. Wasanifu wa gari kwa kawaida hujitahidi kuuweka mstari wa uzito wa gurudumu kati ya beringi mbili za habu au karibu nazo, ili kila beringi ichukue sehemu yake. Gurudumu likisogezwa nje, uzito huo hugeuka kuwa wenzo. Uzito wa kilo 500 uliosogezwa kwa milimita 30 huleta nguvu ya kupinda sawa na mtu kuning'iniza kilo 15 kwenye ncha ya fimbo ya mita moja, na nguvu hiyo haikomi usiku wala mchana gari likiwa limebeba mzigo. Tairi linapoanguka shimoni huweza kuzidi mara mbili au tatu kwa nukta moja. Kwa kanuni inayotumiwa kukadiria umri wa beringi za rola, mzigo ukiongezeka kwa robo tu, umri wa beringi hupungua hadi kuwa chini kidogo ya nusu. Beringi ambayo ingetumika misimu minne itakwisha katika miwili, na haitachagua mahali pa kufia.

Katika Land Rover hizi ndefu, uzito wa gari hubebwa na habu na beringi zake, si na shafti inayozungusha gurudumu. Hiyo ni nafuu. Lakini yapo magari mengine ya njia mbaya ambayo shafti ya nyuma yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Humo spesa huipinda shafti kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachopindwa huku na huku mara nyingi mno hatimaye huchoka na kukatika bila kutoa onyo. Fundi asiyejua gari lililo mbele yake ni la aina ipi hastahili kulifunga spesa.

Gharama ya pili ni ya usukani. Gurudumu la mbele hugeuka juu ya mhimili wake. Kadiri tairi linavyokaa mbali na mahali mhimili huo unapogusa ardhi, ndivyo jiwe linavyopata wenzo mrefu zaidi wa kulizungusha gurudumu kinyume cha mapenzi ya dereva. Land Rover za miaka ile hazina usukani wa kusaidiwa na mashine; pigo la jiwe hupita katika fimbo za usukani na kufika mikononi. Dereva wa barabara ya Nyandira, mwenye ukuta kulia na bonde kushoto, hana nafasi ya kunyang'anywa usukani hata kwa kipimo cha dhiraa moja. Aidha, breki zikishika upande mmoja kuliko mwingine, gari huvutwa upande huo kwa nguvu zaidi kuliko kabla ya spesa.

Gharama ya tatu ni ya viungo. Gurudumu halishikwi na boliti kwa kuning'inia juu yake. Nati zinapokazwa, huibana ringi dhidi ya habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba kazi. Spesa huongeza uso mwingine wa kubanwa. Rangi, kutu, tope au grisi iliyobaki katikati hupondeka baada ya safari kadhaa, mbano ukalegea, ringi ikaanza kucheza, na boliti zikaanza kukatwa moja baada ya nyingine. Katika spesa yenye boliti zake, nati za ndani zimefichwa nyuma ya ringi. Haziwezi kukaguliwa mpaka gurudumu lifunguliwe. Kondakta anayezipiga nati za nje kwa wili spana kila asubuhi anakagua nusu ya kazi.

MTENGENEZAJI MWENYEWE ALIFANYAJE

Historia ya gari lenyewe inatoa fundisho. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, upana wake wa mkao ulikuwa inchi 50. Mwaka 1958 ulifikishwa inchi 51.5. Mwaka 1983 kiwanda kilipotoa gari jipya la One Ten, ambalo baadaye liliitwa Defender, upana ulifika inchi 58.5, sawa na milimita 1,486. Ongezeko kutoka Series II ni milimita 178, yaani milimita 89 kila upande.

Ongezeko hilo halikupatikana kwa kuchomeka mabamba. Kiwanda kilitengeneza ekseli ndefu zaidi, kikaacha springi za mabamba na kuweka springi za mzunguko, na kikapanua bodi kwa viungo vya pembeni ili matairi yasitoke nje. Upana, springi na usukani vilisanifiwa kwa pamoja, kwa sababu vyote ni sehemu za hesabu moja. Anayebadilisha tarakimu moja ya hesabu bila kuzigusa nyingine asishangae jibu likitoka na kosa.

Nchi nyingine zimelitambua jambo hili kisheria. Ujerumani hairuhusu spesa barabarani ila zile zilizopimwa na kupewa cheti kwa aina maalumu ya gari. Australia, nchi yenye magari mengi ya njia mbaya, mwongozo wake wa kitaifa wa marekebisho ya magari haukubali kwa jumla spesa ambazo hazikuwekwa na mtengenezaji wa gari. Nchi hizo mbili hazifuati njia moja, lakini zote zinakubaliana kwamba spesa ni sehemu ya usalama, si pambo.

PALE SPESA INAPOSTAHILI

Haitakuwa haki kusema kwamba spesa haina kazi. Matairi mapana yaliyofungwa badala ya yale ya awali huweza kusugua springi au fimbo za usukani gari linapokata kona, na tairi linalosuguliwa hupasuka. Mwenye gari asiyeweza kupata matairi au ringi za kipimo cha asili aweza kulazimika kutumia spesa nyembamba ili kuokoa tairi. Hiyo ni sababu halali, mradi masharti yafuatayo yatimizwe.

Spesa iwe na boliti zake lenyewe, na iwe imekerezwa kutoka katika bamba zima la chuma au alumini imara. Alumini chakavu iliyoyeyushwa na kusubiwa karakanani huweza kuwa na vitundu vya hewa visivyoonekana, na hupasuka ghafla. Spesa ikae sawasawa juu ya mdomo wa habu ili gurudumu lizunguke kwenye mhimili wake. Unene uwe ule mdogo kabisa unaotosha kuondoa msuguano, wala mabamba mawili yasirundikwe. Pande zote mbili za ekseli zifungwe sawa. Nyuso zisuguliwe mpaka metali ionekane, kisha nati zikazwe kwa kupishana, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Baada ya safari ya kwanza ya kilometa 50 hadi 100 gurudumu lifunguliwe na nati za ndani zikazwe upya. Beringi zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Mwenye gari anayeona masharti hayo ni mengi amekwisha kujijibu kama spesa inamfaa.

LIPASALO KUFANYWA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka magari yatumikayo barabarani yawe katika hali isiyohatarisha watu. Lakini askari wa usalama barabarani hawezi kuona kwa macho kilicho nyuma ya ringi, na fundi hawezi kufuata kipimo ambacho hakijawekwa mbele yake. Yafaa Shirika la Viwango Tanzania litoe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, unaosema spesa ya namna gani inakubalika, kwa magari gani na kwa unene gani, na mwongozo huo uwafikie wakaguzi wa magari pamoja na vyuo vya ufundi stadi.

Morogoro ni mahali pafaapo pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wahandisi wanaojua mashine za shambani na barabara za vijijini. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kipo katika mji huohuo. Milima yenyewe iko mlangoni. Kulipima joto la habu zenye spesa na zisizo na spesa baada ya safari ya Mgeta, au kuhesabu beringi zilizobadilishwa katika msimu mmoja wa mvua, si utafiti unaohitaji fedha za kigeni. Unahitaji kipimajoto, daftari na ushirikiano wa madereva. Matokeo yake yangewafaa wenye magari wa Milima ya Usambara, Upare na Udzungwa pia.

Kwa mwenye gari, utaratibu wa matumizi ya fedha ni wazi. Kwanza atengeneze springi na shokomzoba. Pili aweke beringi nzuri na nati kamili. Tatu anunue matairi ya kipimo cha gari lake. Spesa, ikiwa bado inahitajika, ije mwisho. Kwa dereva na abiria wake utaratibu ni rahisi zaidi: mzigo mzito ukae chini, mzigo mwepesi ukae juu, na kona ichukuliwe taratibu.

Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Keria hujazwa kwa sababu gari ni moja, abiria ni wengi, na kabichi iliyolala mlimani usiku mmoja hushuka bei asubuhi. Mkulima na dereva wote wanajua kwamba gari lililojaa juu ni la hatari. Wanachagua hatari kwa sababu hasara ni ya hakika na ajali ni ya bahati. Kwa hiyo si haki kuwatupia wao peke yao lawama. Vyama vya ushirika na halmashauri za wilaya zikipanga magari ya mizigo yaende mbali na magari ya abiria siku za soko, na zikitengeneza mifereji ili maji ya mvua yasile ukingo wa barabara, zitakuwa zimefanya zaidi ya kile ambacho spesa zote za Morogoro zingeweza kufanya. Digrii moja na robo ya bamba la chuma haimtoshi mtu anayesafiri juu ya bonde la Mgeta.